Mkenya wa Kutoka Moshi Juu ya Mawe ya Roma

Kilomita za mwanzo za marathoni ya Roma, karibu na Piazza Venezia, mzee mmoja aliyeshika mbwa alinitolea macho, akampiga kiwiko mwenzake, akapaza sauti: "Kenia! Kenia! Forza Kenia!" Wakenya wenyewe na Waethiopia walikuwa wameshapita hapo kitambo, tena kwa kasi ambayo mbwa yule asingeiweza. Mimi nilikuwa katikati ya bahari ya watu wa kawaida: maofisa wa benki wenye vitambi, wanafunzi, mama mmoja aliyevaa sketi. Mwanamke wa miaka 41, mzaliwa wa Moshi, kazi yangu kulea wazee majumbani. Nilitaka kumwambia yule mzee kwamba natoka Tanzania, kwamba nasi tunaye John Stephen Akhwari wa Mexico 1968 na Juma Ikangaa aliyeshinda New York 1989. Lakini pumzi ilikuwa ya kuhesabu. Basi nikafanya upumbavu: nikatabasamu, nikanyoosha mgongo, nikakaza mwendo.

Upumbavu ule niliulipia saa tatu baadaye. Ilikuwa Aprili 2019.

Nilivyoingia kwenye mbio ni habari yenyewe. Moshi kuna Kilimanjaro Marathon kila mwaka. Watu wanapanda mpaka Mweka, roho zikiwa mkononi, halafu wanateremka kumalizia Uwanja wa Ushirika. Mimi sijawahi kuikimbia hata siku moja. Nilikuwa nasimama kando ya barabara na kina mama wenzangu tukiwacheka wazungu walivyoiva nyuso. Mara ya mwisho kukimbia kwa hiari, kama kulikuwa na hiari, ni mchakamchaka wa shule ya msingi, alfajiri, tukiimba.

Roma nilipata kazi kwa Signora mmoja, mjane wa miaka 77 wakati huo, anayekaa mtaa wa San Saba, juu kidogo ya Circo Massimo. Kila jioni kama hakuna mvua nilimtoa na kigari chake, na kila jioni alitaka njia ile ile: tuteremke mpaka Piazza di Porta Capena, mbele ya jengo la FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, tusimame. Pale hapakuwa na cha kutazama zaidi ya magari na taa za barabarani. Siku moja nikamuuliza, Signora, hapa tunamngoja nani?

Akanisimulia. Pale ulikuwa umesimama mnara wa jiwe wa Aksum, urefu wa mita 24 hivi, uliobebwa na majeshi ya Mussolini kutoka Ethiopia mwaka 1937. Jengo la FAO lenyewe lilijengwa liwe wizara ya makoloni ya Italia barani Afrika. Mnara huo ulibomolewa vipande vitatu, ukarudishwa kwao kwa ndege mwaka 2005, na mwaka 2008 ukasimamishwa tena Aksum. Lakini jioni ya Septemba 10, 1960 ulikuwa bado pale, na Signora alikuwa msichana wa miaka 20, amesimama na mchumba wake katika umati. Marathoni ya Olimpiki ilianza alasiri kukwepa joto, ikaanzia kilimani Campidoglio, na kwa mara ya kwanza katika Olimpiki haikuanzia wala kuishia uwanjani. Ilirudi mjini giza limeshaingia, kupitia Via Appia Antica, askari wa Italia wamejipanga wakishika mienge kuwamulikia wakimbiaji.

"Tukaona wawili," akasema. "Mmoja Mmoroko. Mwingine hatukumjua. Mwanangu, miguu yake haikutoa sauti."

Huyo asiyetoa sauti alikuwa Abebe Bikila, askari wa gadi ya mfalme Haile Selassie. Raba alizopewa hazikumkaa vizuri, akaamua kukimbia peku kama alivyozoea mazoezini. Inasimuliwa kwamba yeye na kocha wake, Onni Niskanen, walikuwa wameuchagua mnara ule uwe alama: akiufikia, aondoke. Akaondoka. Rhadi ben Abdesselam wa Moroko akabaki sekunde 25 nyuma, na Bikila akamaliza chini ya Tao la Konstantino kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, muda ambao hakuna mwanadamu aliyekuwa ameufikia. Mbele ya jiwe la kwao lililoporwa, peku.

Signora hakuwa na shauku ya siasa. Kilichomkaa kichwani ni ule ukimya wa nyayo. Lakini mimi nilirudi jikoni kukata karoti za supu, mikono ikitetemeka. Wiki iliyofuata nikanunua raba za bei nafuu.

Nilidhani kukimbia ni kuamka na kutoka. Italia si hivyo. Ukitaka kushindana katika mbio ndefu lazima uwe na cheti cha daktari wa michezo: unapimwa moyo ukiwa umelala, unapandishwa kwenye kingazi ushuke upande, moyo unapimwa tena, unapuliza kwenye bomba mpaka macho yanataka kutoka, unatoa mkojo. Cheti ni cha mwaka mmoja. Nilinung'unika sana kwa ile gharama. Baadaye nikaona ni akili. Wangapi kwetu wanaanguka kwenye mbio za hisani kwa sababu moyo wao haujawahi kusikilizwa na mtu yeyote tangu kuzaliwa? Mimi mwenyewe, mtoto wa mlimani, ndiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Mwenzangu wa mazoezi alikuwa padre wa Kitanzania aliyekuwa akisoma pale kwenye kilima cha Gianicolo, mtu wa Songea, mrefu, mpole, ambaye shuleni alikuwa golikipa. Tulikutana kwenye misa ya Kiswahili. "Shikamoo Padre," nikamwamkia, ingawa nilimzidi umri, akacheka, akasema, "Marahaba Dada, lakini barabarani nitakuamkia mimi." Kweli, kilomita za mwanzo alikuwa ananifuata nyuma akihema kama trekta.

Roma ni mji wa kufanyia mazoezi ukiwa na subira. Villa Pamphili kuna vumbi laini na vivuli. Njia ya kando ya mto Tevere, kule chini penye kuta, haina magari, ila mto ukifura wakati wa baridi unaifunika na ukiondoka unaacha tope na takataka mpaka juu ya matawi. Barabara za juu zina miti mikubwa, ile wanayoiita platani, na mizizi yake imeinua lami mpaka unadhani kuna fuko chini. Jumapili tulikwenda Appia Antica, kwenye mabamba yale mapana ya Warumi wa kale yenye mifereji ya magurudumu. Padre alijaribu kukimbia peku hatua hamsini, kwa heshima ya Bikila. Akakaa chini akatoa neno ambalo sitaliandika.

Jambo moja la mji ule lililonifurahisha kuliko yote ni mabomba yake. Wanayaita nasoni, yaani mapua, kwa sababu ya ule mdomo uliopinda. Ni vigingi vya chuma vilivyoanza kuwekwa mwaka 1874, viko zaidi ya 2,000 mjini, na maji yanatiririka usiku na mchana, baridi, ya kunywa, bure. Ziba mdomo wa chini kwa kidole, maji yanaruka juu kupitia kitundu kilichotobolewa mgongoni mwa bomba, unakunywa bila kuinama. Mkimbiaji wa Roma habebi chupa. Binti wa Moshi aliyekua na mifereji ya mlimani nilijisikia nyumbani pale kuliko mahali pengine popote Ulaya.

Lakini kuhusu mawe sikusikia la mwadhini wala la mteka maji. Nilikuwa nimeonywa.

Mawe yenyewe yanaitwa sampietrini. Ni vipande vya jiwe jeusi la volkano, kama lile la kwetu, kutoka vilima vya Albani kusini mwa mji, vimechongwa mfano wa jino: juu pana, chini pembamba. Fundi anavipigilia kimoja kimoja kwenye kitanda cha mchanga bila saruji. Uzuri wake ni kwamba maji ya mvua yanapita katikati, ardhi inapumua, na jiwe likizama linang'olewa na kupigiliwa upya. Ubaya wake ni kwamba mabasi yanavitikisa, vingine vinainuka, vingine vinazama, na miaka ya nyayo na matairi imevisugua juu mpaka vinang'aa kama sufuria. Vikilowa, ni sabuni. Ukitembea navyo na kikapu huvitambui. Ukikimbia ukiwa na kilomita 35 miguuni, kila jiwe linakuuliza swali.

Na njia ya marathoni ya Roma imeyaweka mengi ya mawe hayo mwishoni. Hilo ndilo nililokuwa sijalielewa kwa tumbo, ijapokuwa nililijua kwa kichwa. Mwanzo ni lami pana na shangwe: unaondoka chini ya Koloseo, ule uwanja wa kale wa Warumi, kwenye Via dei Fori Imperiali, unapita Circo Massimo, unaiona piramidi ya Cestius (ndiyo, wana piramidi), basilika la Mtakatifu Paulo, halafu mto. Mji unakubembeleza. Unakuonyesha kila kitu ilimradi usiangalie saa.

Mpango wangu ulikuwa dakika 7 kila kilomita. Kumi za mwanzo nilizikimbia chini ya dakika 6. Kila nilipotaka kupunguza, mtu upande wa barabara aliona ngozi yangu akaanza tena na Kenia yake. Watoto walinyoosha viganja nivipige. Kijana mmoja alipiga picha nami tukiwa tunakimbia, nadhani mpaka leo anaonyesha watu kwamba alikwenda sambamba na mwanariadha. Sitasema sikufurahi. Huu mji ambao kwenye basi mtu anabana mkoba wake nikikaa karibu, leo unanishangilia kwa jina la nchi jirani! Nani asingekaza mwendo?

Tulipoingia Via della Conciliazione, kuba la Mtakatifu Petro likiwa mbele yetu, Padre akafanya ishara ya msalaba bila kusimama na kuniambia, "Dada, punguza." Nikamwambia naona vizuri. Akaniacha niende. Ndiyo hekima ya kipa, hafuati mpira usiomhusu.

Foro Italico, kwenye zile sanamu za marumaru za vijana walioshiba za enzi za Mussolini, nyonga ya kulia ilianza kusema. Mbele kidogo njia inapita karibu na msikiti mkuu wa Roma, uliofunguliwa 1995, na hapo mashabiki wanakuwa haba, barabara pana, upepo wa mtoni. Hakuna aliyeita Kenia. Nikagundua nilikuwa nimekimbia kilomita karibu 30 kwa miguu ya watu wengine, na sasa wamekwenda kula chakula cha mchana wakaniachia yangu.

Tukaingia mji wa kale. Mvua ilikuwa imeyagusa yale mawe, si mvua ya kusema, manyunyu. Nilikuwa nimevaa raba mpya zenye soli nene ya sponji ambazo muuzaji alizisifu. Kwenye lami zilikuwa godoro. Juu ya sampietrini kila hatua ilikuwa inayumba kama umesimama kwenye mtumbwi. Miguu haikuwa tena na nguvu ya kujiinua, nikawa naburuta. Kabla ya Piazza Navona ncha ya raba ikakamata jiwe lililoinuka nusu kidole.

Nilianguka kwa viganja na goti. Hakuna heshima katika kuanguka mbele ya watalii wanaokula aiskrimu. Mwanamke mmoja alitoka kwenye kiti cha mkahawa akaniinua, akanifuta damu kwa kitambaa cha mezani, akauliza kwa upole, "Wewe ni wa timu ya Kenya?" Nikalia. Alidhani ni maumivu.

Nilimaliza kwa saa 5 na dakika 31, sehemu kubwa ya kilomita sita za mwisho nikitembea kama bata. Padre alikuwa ameshamaliza nusu saa nzima kabla yangu, amejifunga karatasi ya fedha kama nyama ya kuoka, ananingoja na chungwa. Hakusema neno. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mwaka 2020 mbio zilifutwa kwa sababu ya korona. Tulifungiwa, ruhusa ilikuwa kunyoosha miguu jirani na nyumbani tu, na mimi nikawa nazunguka kanisa la San Saba kama punda wa kinu, barakoa kidevuni, Signora akinihesabia mizunguko dirishani. Alikuwa anakosea makusudi. Lakini mitaa ile ina mawe. Bila kupanga nikajikuta nafanya mazoezi ya jambo lenyewe nililolikwepa: kilomita mbili, tatu, nne, juu ya sampietrini kila siku.

Nilichojifunza pale ni cha miguuni zaidi kuliko kichwani, lakini nitajaribu kukieleza. Hatua ndefu juu ya mawe ni ubishi. Fupisha, ongeza idadi, mguu utue chini yako na si mbele yako. Inua goti hata kama unaona haya. Macho yaende hatua nne au tano mbele. Ukitazama vidole umechelewa, ukitazama kuba za makanisa umeanguka. Usikimbie ukingoni karibu na mfereji, ambako barabara imeinama na mawe yameachana, katikati yamebanana. Raba iwe ya soli pana na nyembamba kiasi ambacho unalihisi jiwe. Ndiyo maana sasa naamini Bikila hakupoteza kitu kwa kwenda peku: mguu mtupu unapata habari mapema. Mwaka 2010, miaka 50 baada yake, Mwethiopia Siraj Gena alivua raba karibu na mwisho wa marathoni hii hii ya Roma akashinda akiwa peku. Mita mia chache tu, kwa heshima. Bikila alifanya kilomita 42 zote, na ukitaka kupima tofauti hiyo muulize Padre.

Machi 27, 2022 nikarudi. Siku hiyo ndiyo saa za Ulaya zilisogezwa mbele, hivyo wote tuliibiwa saa moja ya usingizi. Niliondoka gizani, nikamwacha Signora na mwanawe, ratiba nimeibandika kwenye friji: kuanza saa 2:30 asubuhi, ambayo wao wanaiita 8:30.

Safari hii nilikuwa na ujanja mmoja wa kijinga ambao ulinisaidia kuliko mazoezi yote. Nyuma ya fulana nilichapisha MOSHI kwa herufi kubwa, na mbele TANZANIA. Watu wanasoma. "Forza Tanzania!" nikasikia, na mmoja, "Moscì!" kama jina langu. Wengine waliendelea na Kenia yao, nikawapungia mkono bila kubadili hatua. Sikuwa na neno nao. Mtu anakupa alichonacho. Lakini kusikia jina la kwetu kulinikumbusha mimi ni nani: mwendo wa dakika 6 na nusu na ushee, si zaidi. Mbele kabisa Mwethiopia Bekele Fikre Tefera alikuwa anaivunja rekodi ya njia ile kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 48. Tulikuwa kwenye mbio moja kama vile samaki na mvuvi wako kwenye bahari moja.

Padre hakuwepo, alikuwa amesharudi jimboni kwake. Penye Mtakatifu Petro nilifanya ishara ya msalaba kwa niaba yake, nikapunguza hata bila kuambiwa.

Penye msikiti, kule kwenye upweke, niliona wanaume na wanawake wameanza kutembea, mikono kiunoni, na nikawajua mmoja mmoja: hawa ni mimi wa 2019. Kisha mji wa kale. Mawe yalikuwa makavu. Hatua fupi, goti juu. Piazza Navona nikaitafuta ile meza ya mkahawa, lakini viti vyote vilikuwa vimejaa na sikuweza kujua ni kipi. Via del Corso, Piazza del Popolo, Piazza di Spagna. Kelele za raba mia juu ya jiwe, pa-pa-pa, kila mmoja na sauti yake. Nikajaribu kukanyaga bila sauti. Haiwezekani. Nilijaribu mpaka Koloseo, na nilipovuka mstari saa yangu ilisema 4:38.

Nikampigia Signora hapo hapo, medali ikigonga simu.

"Umemaliza?" akauliza. "Ngoja, usiniambie muda. Ninahesabu mwenyewe." Nikamsikia akisogeza kiti chake kuelekea jikoni, kwenye saa ya ukutani ambayo huwa naisogeza mimi, na ambayo asubuhi ile, kwa haraka, sikuisogeza. Kwangu ilikuwa saa 7:20 mchana. Kwake ukutani ilikuwa 6:20. Akapiga hesabu kwa sauti, kwa ukali wa mwalimu mstaafu, kuanzia ule muda wa kwenye friji.

"Saa tatu na dakika hamsini!" akapiga kelele. "Mwanangu! Saa tatu na dakika hamsini!"

Kabla sijafungua mdomo nikamsikia anamwita jirani wa ghorofa ya chini, halafu wa juu, halafu mwanawe aliyekuwa amelala. Nilifika nyumbani nikakuta ngazi nzima inajua. Muuza magazeti anajua. Mpaka leo nikipita pale ananiita Kenia, na saa ile ya ukutani niliisogeza Jumatatu, yeye akiwa usingizini.